Boriti Kuukuu Katika Nyumba Mpya

Baina ya Makambako na Njombe, katika nchi ya Wabena, ndipo ilipo Kidugala. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo chao huko, kama walivyofanya katika sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini. Pamoja na shule na kanisa ulikuja pia ufundi wa kuchoma matofali na wa kupasua magogo kwa msumeno, na watu binafsi wakauiga. Kwa sababu hiyo, katika nyanda hizi si ajabu kukuta nyumba kuukuu yenye kuta nene za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bati lililoliwa na kutu, na kenchi zilizopinda mgongo. Familia inayorithi jengo la namna hiyo hukabiliwa na swali moja gumu: je, mbao zile zichomwe kuni, au zirudishwe juu ya vichwa vya watoto?

Swali hili si la uchumi peke yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati linafanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo kuukuu haliangaliwi kwa huruma ya ukale wake, hupimwa.

Yafaa kwanza kufahamu ni kwa nini mbao kuukuu zinastahili kupimwa badala ya kutupwa. Mbao nyingi zinazouzwa leo Makambako na Njombe ni za misindano na milingoti ya kupandwa, na mara nyingi mti hukatwa ungali mchanga na ubao ukauzwa ungali mbichi. Maji yaliyomo ndani ya mti ni ya aina mbili: yale yaliyojaa katika matundu ya chembechembe zake, na yale yaliyoshikamana na kuta za chembechembe hizo. Maji ya kwanza yakitoka, ubao hupungua uzito tu. Lakini unyevu unaposhuka chini ya takriban 30 kwa mia ya uzito wa mti mkavu, maji ya pili nayo huanza kutoka, na hapo ndipo ubao husinyaa. Husinyaa kidogo mno kwa urefu, na zaidi sana kwa upana. Tena kuzunguka duara za mti husinyaa karibu mara mbili kuliko kuelekea moyo wake. Kutolingana huko ndiko kunakoupinda mlango mpya hata ukakataa kufungwa. Boriti iliyokaa darini miaka sitini imekwisha kumaliza vituko hivyo. Huendelea kuvimba na kunywea kidogo kwa majira, masika na kipupwe, lakini haiwezi tena kumshangaza fundi.

Maadui wa mbao ni wengi, nao hujulikana kwa alama wanazoacha. Kuvu huozesha mti wenye unyevu unaozidi 20 kwa mia, na chini ya hapo hawezi kuendelea. Mchwa wa ardhini hujenga vijia vya udongo ukutani, kwa kuwa hawezi kustahimili hewa kavu. Bungua huacha matundu madogo na unga laini kama wa muhogo. Wengine katika jamii yao hutafuta wanga uliomo katika sehemu ya nje ya mti, wakauacha moyo wake mzima. Kwa hiyo ubao uliotobolewa pembeni waweza kuwa imara katikati, na ubao unaong'aa waweza kuwa ganda tupu. Fundi hugonga kwa nyundo akisikiliza mlio, kisha huchoma kwa bisibisi kila baada ya hatua moja. Mahali pa kuanzia ni ncha zinazoingia ukutani, kwani mti hunywa maji upesi zaidi kupitia ncha kuliko kupitia ubavu, na bati linalovuja humwaga maji papo hapo.

Unyevu wenyewe waweza kupimwa katika maabara ya shule yoyote yenye mizani na tanuri. Kipande hukatwa kutoka katikati ya ubao na kupimwa uzito mara moja, kisha hukaushwa katika nyuzi 103 za Selisiasi mpaka uzito usibadilike tena. Kama kilikuwa na gramu 460 na sasa kina gramu 400, maji yaliyotoka ni gramu 60, nayo yakigawanywa kwa 400 hupatikana unyevu wa 15 kwa mia. Ubao wa namna hiyo kuvu hana kazi nao.

Nguvu ya boriti nayo ina hesabu yake. Uwezo wa boriti kustahimili mzigo pasipo kuvunjika hufuata kipeo cha pili cha kina chake, yaani kimo chake kutoka chini hadi juu, na ugumu wake wa kupinda hufuata kipeo cha tatu. Boriti yenye kina cha sentimita 15, ikirandwa kuondoa sentimita 2 zilizoliwa, hubaki na 13. Waliozoea kujumlisha na kutoa tu watasema imepoteza kiasi cha 13 kwa mia. Sivyo. Nguvu yake imeshuka hadi 75 kwa mia, na ugumu wake hadi 65.

Hata hivyo hesabu hiyohiyo yaweza kuiokoa. Boriti ya mita 4.2, ikikatwa ncha zake zilizooza sentimita 30 kila upande, hubaki na mita 3.6. Mzigo wa kila mita ukiwa uleule, nguvu inayotaka kuivunja hufuata kipeo cha pili cha urefu baina ya kuta, na hivyo hushuka hadi kama 73 kwa mia ya ile ya kwanza. Boriti iliyopoteza robo ya nguvu zake hukuta kazi yenyewe imepungua kwa zaidi kidogo ya robo. Lililobaki ni familia kukubali chumba chembamba zaidi, au kujenga ukuta wa kati. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar waliishi na sharti hilohilo: urefu wa boriti za mikoko ndio uliowapangia upana wa vyumba.

Kabla ya kuranda, misumari iliyozama ndani hutafutwa kwa sumaku, maana msumari mmoja huharibu makali ya randa na pengine jicho la fundi. Rangi kuukuu haipigwi msasa ikiwa kavu, kwa sababu nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Hulowanishwa kwanza, ikakwanguliwa, na mabaki yakazikwa mbali na kisima.

Iko hatari nyingine ambayo Njombe, mkoa wa miti, inaijua kwa sura pasipo kuijua kwa jina. Nguzo za umeme na za uzio hutiwa dawa, mara nyingi mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki unaoupa mti rangi ya kijani, au kreosoti nyeusi yenye harufu ya lami. Nguzo hizo zikizeeka huonekana kama zawadi kwa mjenzi. Hazifai ndani ya nyumba, wala vipande vyake havifai jikoni: moto hauiharibu aseniki, bali huipeleka katika moshi na majivu, na majivu ndiyo yanayotiwa bustanini.

Mwisho hubaki ukuta. Wengi hukimbilia kuupiga lipu ya saruji ili nyumba ionekane mpya. Matofali yaliyounganishwa kwa udongo hunyonya maji ya ardhini, na ukuta huo uliyazoea kwa kuyatoa hewani pole pole. Saruji huyafungia. Maji hayo basi hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni miguu ya fremu za milango na ya sakafu ya mbao. Lipu ya chokaa na mchanga huruhusu mvuke kupita. Na mtaro uliochimbwa kuzunguka nyumba kabla ya mvua za Desemba huzilinda fremu hizo kuliko dawa yoyote ya dukani.