Petunia za Kuning'inia: Mbegu Isiyotaka Kufukiwa

Mkulima wa skimu hupima shamba lake kwa magunia ya viazi na lita za maziwa. Ukimshauri apande maua atakuuliza, "Je, maua huliwa?" Swali hilo ni la haki. Maua hayaliwi, lakini miche ya maua huuzwa, na sinia moja lenye miche hamsini hukaa juu ya meza karibu na dirisha. Halichukui hata hatua moja ya shamba la viazi wala ya malisho ya ng'ombe.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya petunia za kutambaa. Ukizipanda katika kopo na kulining'iniza barazani, matawi hushuka pande zote kama pazia. Aina moja ya zambarau iitwayo Purple Wave, iliyozalishwa Japani, ilipata tuzo ya All-America Selections huko Marekani mwaka 1995, na tangu hapo petunia za namna hii zimeenea sana. Kimo chake ni kama sentimita 15 tu, lakini hutambaa hadi mita moja.

NILIVYOIZIKA PAKITI YANGU

Pakiti yangu ya kwanza niliipoteza yote. Nilichora vifereji kwa kidole, nikamwaga mbegu, nikafukia vizuri, nikamwagilia kwa kopo, kama tunavyofanya katika kitalu cha sukuma wiki. Nilikuwa nimemwahidi mwalimu mkuu wa shule jirani miche ya kupamba shule siku ya wazazi, naye alikuwa amekwisha kunipa nusu ya fedha. Wiki tatu zikapita, na hakuna kilichoota. Nilizirudisha fedha zile kwa aibu kubwa.

Mbegu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Gramu moja ina mbegu za petunia zipatazo 10,000. Punje ya mahindi ina chakula cha akiba cha kuisukuma kutoka chini, lakini mbegu ndogo kama vumbi haina akiba hiyo. Tena, petunia huhitaji mwanga ili iote vizuri. Ukiifukia, umeizika.

TAYARISHA UDONGO SAFI

Changanya sehemu mbili za udongo mwepesi, sehemu moja ya mbolea iliyooza kabisa na sehemu moja ya mchanga wa mto, kisha uchekeche. Udongo huo lazima uchomwe kwanza, kwa maana una ukungu unaooza miche shingoni hata ikaanguka. Ulowanishe kidogo, utie ndani ya debe, ufunike, uweke juu ya moto mdogo. Katikati ya udongo fukia kiazi kidogo kama yai. Kiazi kikiiva, udongo nao uko tayari. Uache upoe kabisa kabla ya kuutumia.

JINSI YA KUPANDA

1. Toboa matundu chini ya sinia, ujaze udongo na kuusawazisha. Kisha liweke ndani ya karai lenye maji kidogo, maji yapande yenyewe mpaka uso wa udongo ulowe. Litoe, maji yachuruzike.

2. Mbegu nyingi za petunia za kutambaa huuzwa zikiwa zimevikwa udongo mfinyanzi, kadiri ya punje ya wimbi. Lowesha ncha ya kijiti cha kiberiti, uokote mbegu moja moja, uziache sentimita mbili kati ya moja na nyingine. Kisha nyunyiza maji kama umande mpaka lile vazi liyeyuke. Mbegu zisizovikwa zichanganye na mchanga mkavu laini kabla ya kuzitawanya.

3. Usifukie. Zigandamize kidogo tu kwa ubao.

4. Funika sinia kwa nailoni angavu, uliweke penye mwanga lakini jua lisilipige moja kwa moja. Joto linalofaa ni nyuzi 21 hadi 24. Kule Kinangop na Ol Kalou, ambako usiku ni baridi, liingize sinia jikoni jioni na kulirudisha dirishani asubuhi.

Miche itachomoza kati ya siku ya 7 na ya 14. Hapo anza kuiondoa nailoni kidogo kidogo. Usiimwagie miche maji kutoka juu. Endelea kuinywesha kutoka chini kwa karai.

KUHAMISHA NA KULISHA

Katika wiki ya 5 au ya 6, mche ukiwa na majani manne ya kweli, uhamishie katika kopo lake lenye matundu. Ushike kwa jani, wala si kwa shina, kwa kuwa shina likibonyea mche umekufa. Ukifika urefu wa sentimita 10, kata ncha mara moja ili matawi yaongezeke.

Petunia ya kutambaa ni mlaji mkubwa. Kila wiki ipe maji ya samadi yaliyozimuliwa mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi. Inataka jua saa sita kwa siku au zaidi. Kopo lining'inie ukingoni mwa baraza, mahali ambapo jua linafika lakini mvua kubwa haivunji maua. Usiku wa jalidi liingize ndani.

Tangu kupanda hadi maua ya kwanza ni wiki 10 hadi 12 penye joto, na zaidi kidogo penye baridi. Basi atakayepanda mwanzo wa Septemba atakuwa na miche ya kuuza Desemba, wakati watu wanaporudi nyumbani kwa sikukuu.

NI JAMAA YA VIAZI

Hapa nakuomba, mkulima, usome kwa makini. Petunia ni ya ukoo mmoja na viazi, nyanya na tumbaku. Hata jina lake limetokana na neno la wenyeji wa Amerika ya Kusini lenye maana ya tumbaku. Jamaa hushirikiana magonjwa.

Blaiti inayokausha majani ya viazi huishika petunia pia. Kwa hiyo usiziweke petunia kando ya shamba la viazi wala karibu na ghala la mbegu za viazi, na mche wenye mabaka uchome mara moja. Usichukue udongo wa miche kutoka shamba lililowahi kupata mnyauko wa bakteria. Mwaka 2003 bakteria ya mnyauko ilikutwa katika vipandikizi vya maua ya geranium vilivyopelekwa Marekani kutoka Kenya, na miche mingi sana iliteketezwa huko. Ugonjwa wa viazi waweza kusafiri ndani ya chungu cha maua.

Mwenye kuvuta sigara au kunusa ugoro na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa sababu tumbaku huweza kubeba virusi vinavyotia majani madoadoa, na virusi hivyo havina dawa.

PIGA HESABU KWANZA

Chukua daftari. Tuseme umenunua mbegu 50, zikaota 40, nawe ukafikisha 35 sokoni. Andika gharama ya pakiti, makopo na mbolea, ujumlishe, kisha ugawanye kwa 35, si kwa 50. Hiyo ndiyo gharama ya mche mmoja. Bei yako lazima iizidi. Ulizia wanunuzi mapema shuleni, kanisani na hotelini, lakini usipokee fedha kabla miche haijasimama. Hilo nalijua vizuri.

Usiweke mbegu za petunia chotara za mwaka huu ili upande mwakani. Mkulima aliyepanda mahindi chotara ya Kitale, yaliyoanza kutolewa mwaka 1964 kwa aina ya H611, anajua kwamba watoto hawafanani na wazazi. Nunua pakiti mpya yenye tarehe, na uihifadhi mahali pakavu.

Anza na sinia moja tu. Likifaulu, ongeza la pili. Ukiona ugonjwa usioujua, usingoje. Mwite Bwana Shamba wa eneo lako autazame kabla haujafika kwenye viazi.