Utangulizi: Kuifahamu Azathioprini

Awe mwanafunzi wa famasia, muuguzi wa kliniki ya figo au mgonjwa wa lupasi aliyeandikiwa dawa asiyoijua, kila msomaji anakaribishwa. Wengi huziogopa dawa za kupunguza kinga ya mwili, na hofu yao ina msingi: tumezoea kuhimizwa tuimarishe kinga, na hapa tunaishusha kwa makusudi. Ili tuelewe kwa nini, tuanze na mkongwe mmoja wa dawa hizi, azathioprini.

Kinga haijui nia ya mtu. Figo aliyoitoa ndugu kwa mapenzi huishambulia kama inavyoshambulia vijidudu. Ndiyo maana Joseph Murray alipofanikiwa kupandikiza figo mjini Boston mwaka 1954, mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa kufanana. Asiye na pacha angefanyaje?

Jibu lilitoka kwa watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Gertrude Elion na George Hitchings, watafiti wa Burroughs Wellcome huko Marekani, walikuwa wakisaka dawa ya saratani ya damu. Walitengeneza mekaptopurini, kisha azathioprini, ambayo ikiingia mwilini hugeuka kuwa mekaptopurini hiyohiyo. Dawa hii inafanana na malighafi ambazo seli hutumia kujenga DNA, na seli inayoipokea hushindwa kugawanyika. Chembe za kinga, ambazo huzaana kwa kasi zikichokozwa, huathirika sana. Roy Calne, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, alizijaribu dawa hizo kwa mbwa waliopandikizwa figo. Mwaka 1962 Murray akaitumia azathioprini kwa mgonjwa aliyepewa figo ya marehemu, na figo hiyo ikafanya kazi kwa zaidi ya mwaka.

Leo wapandikizaji wana dawa mpya zaidi, lakini azathioprini haijastaafu. Hutuliza lupasi, baridi yabisi, uvimbe sugu wa utumbo, na homa ya ini inayoletwa na kinga yenyewe. Haina haraka: matokeo huchukua wiki au hata miezi kuonekana, hivyo mara nyingi steroidi hushika zamu kwanza.

Je, ni salama? Usalama wake haumo ndani ya kidonge peke yake. Umo pia katika mwili unaokipokea na macho yanayoufuatilia. Uboho nao hugawanya seli kwa kasi, kwa hiyo dozi ikizidi, chembe za damu hupungua. Mwili huivunja dawa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho TPMT. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, takriban mtu 1 kati ya 300 karibu hana kabisa kimeng'enya hicho, na dozi ya kawaida yaweza kumhatarisha. Kimeng'enya kingine kinachosaidia kuivunja huzuiwa na alopurinoli, dawa ya jongo iliyotoka katika maabara ileile ya Elion na Hitchings. Mgonjwa akipewa zote mbili bila dozi ya azathioprini kupunguzwa sana, uboho wake unaweza kuzimika.

Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo, na ini huangaliwa. Chanjo hai, kama ya homa ya manjano, huhitaji ushauri wa daktari kabla ya kuchomwa. Ngozi nayo huwa rahisi kudhuriwa na jua na kupata saratani; kofia na mikono mirefu ni sehemu ya matibabu, na mwenye ualbino anastahili tahadhari maradufu.

Sura zinazofuata zitazipitia dawa nyingine za jamii hii, kila moja na hatari zake. Kwa kila moja, msomaji aulize mambo matatu: inazuia nini, mwili huiondoaje, na nani atapima damu wiki ijayo? Na mgonjwa anayeitumia akumbuke mawili: homa isisubiri hadi kesho, na dawa isiachwe bila kumuuliza daktari.