Injini Inayozimika Gari Likisimama

Mwaka 2022 gari langu, kuukuu lenye kabureta, lilinichosha. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa lilikwenda bila kasoro. Lakini kila nilipoondoa mguu kwenye pedali ya mafuta ili nisimame penye taa za Mwenge, injini ilitetemeka, ikakohoa mara mbili tatu, ikazimika. Hali ya injini kuunguruma yenyewe bila kukanyagiwa mafuta mafundi wetu huiita "sailensi", jina la ajabu kwa jambo lenye makelele kiasi kile. Nilibadilishiwa plagi, kabureta ikasafishwa, kisha pampu ya petroli ikalaumiwa. Fedha zilikwenda, ugonjwa ukabaki.

Hakuna aliyeuliza, wala mimi mwenye shahada ya uzamivu sikuuliza, kwa nini ugonjwa ujitokeze gari linaposimama tu. Na tulitazame jambo hili kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza.

Injini ya lita 1.5 yenye mapigo manne huvuta ujazo wake wote mara moja katika kila mizunguko 2. Kwenye sailensi ya mizunguko 800 kwa dakika, huvuta mara 400, yaani lita 600. Lakini wakati huo kilango cha hewa kimefungwa karibu kabisa, na kanieneo ndani ya bomba la kuingizia hewa hushuka hadi kiasi cha theluthi moja ya ile ya anga. Kwa hiyo hewa iingiayo, ikipimwa kwa kanieneo ya nje, ni kama lita 200 tu. Sasa tuchukulie kwamba baada ya kilango hicho pana ufa unaopitisha lita 40 kwa dakika. Petroli huungua vizuri inapopata hewa yenye uzito wa karibu mara 14.7 ya uzito wake. Hewa hii ya wizi, ambayo haikupita kwenye kabureta kuchukua petroli, huupandisha uwiano huo hadi 17.6. Mchanganyiko mwepesi kiasi hicho huwaka kwa shida, na mara nyingine hauwaki kabisa.

Kanyaga sasa mafuta hadi kilango kiwe wazi, kwenye mizunguko 3,000: injini huvuta lita zipatazo 2,000, na ombwe lililokuwa likiivuta hewa ya wizi limetoweka karibu lote. Ufa ni uleule, ila injini haiusikii.

Hapo, kabla ya kushika spana, washukiwa wamekwisha kupungua. Pampu dhaifu ingejulikana mlimani, injini inapodai petroli nyingi. Plagi mbovu au valvu isiyofunga huweza kuleta dalili kama zangu, lakini kwa kawaida huidhuru silinda moja. Fundi mmoja mzee alilipima hilo uani, si bandani, kwa kuhofia sumu ya kaboni monoksidi. Alichomoa nyaya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira, maana umeme wake hufikia maelfu ya volti. (Gari la kisasa lisifanyiwe hivyo, vyombo vyake huweza kuungua.) Kila waya ulipotoka, injini ililegea kwa kiasi kilekile. Silinda zote nne ziliugua sawasawa, basi kosa lilikuwa katika kitu zinachoshirikiana.

Kisha akaniuliza: "Mwalimu, breki zinakamata sawasawa?"

Hazikukamata. Wiki ileile, nikiteremka kutoka Chuo Kikuu, injini ilizimika nikiwa nafunga breki. Pedali ikawa ngumu kama jiwe, nami nikasimama hatua chache tu nyuma ya mkokoteni wa maji. Nilikuwa nimeyahesabu hayo kuwa maradhi mawili. Kumbe kile chombo cha mviringo kinachompunguzia dereva nguvu ya kukanyaga breki hutumia ombwe la injini, kwa kupitia mpira mnene. Mzee aliubana mpira huo karibu na injini, kwa koleo alilolizungushia kitambaa, na mtetemo ukakoma palepale. Ufa ulikuwa chini ya kiwiko cha mpira, upande wa breki, mahali ambapo jicho halifiki.

Gari lenye kompyuta na kipimo cha hewa hudanganyika vivyo hivyo, kwa kuwa hewa ya ufa haikupita kwenye kipimo. Kompyuta hujaribu kuongeza petroli, na huweza hata kuuficha ufa kwa muda.

Mpira mpya ulikuwa wa bei ndogo kuliko plagi nilizokwisha kuzilipia. Plagi za zamani, ambazo hazikuwa na kosa lolote, bado ninazo.