Kiu na Uroho: Tatizo la Kumtaja Vampirella kwa Kiswahili

Hadithi za picha za kutisha zilizochapwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa na desturi ya kumweka mtambaji nje ya kisa. Katika The Haunt of Fear, mathalan, ajuza mchawi humkaribisha msomaji kwa mzaha, kisha hujitenga na kuwaachia wahusika mauti yao. Mwaka 1954 wachapishaji wenyewe, kwa kuchelea ghadhabu ya wazazi na uchunguzi wa Seneti, walijiwekea kanuni iliyopiga marufuku wafu watembeao na viumbe wanyonyao damu. Kanuni hiyo haikuyafikia magazeti ya umbo kubwa yasiyo na rangi. Kwa kuutumia mwanya huo, kampuni ya Warren ilitoa Creepy mwaka 1964, na Vampirella mwezi wa Septemba 1969.

Vampirella, aliyebuniwa na Forrest J Ackerman, alianza naye akiwa mtambaji, ingawa si ajuza tena. Kisa chake cha kwanza ni kichekesho. Archie Goodwin alipoanza kumwandikia mwaka 1970, mtambaji aliingizwa kisani akapewa dhamiri, na hapo ndipo penye uzito wa kifasihi. Katika sayari yake, Drakulon, damu hutiririka mitoni kama maji, na mito hiyo inakauka. Huku duniani damu imo mishipani mwa watu. Anakataa kuua, hivyo huishi kwa dawa iliyotengenezwa kushika mahali pa damu; dawa ikikosekana, hatari haitoki nje bali imo ndani yake mwenyewe. Conrad van Helsing anamwinda, ilhali mwanawe Adam anampenda.

Je, kiumbe huyu aitwe nani kwa Kiswahili? Neno lililo karibu zaidi ni mumiani. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalieleza kuwa dawa inayodhaniwa na watu kutokana na damu ya binadamu. Katika masimulizi ya mitaani neno hilo likahamia kwa mtu aitafutaye damu hiyo. Lakini mumiani wa masimulizi ni mtu hai, tena aghalabu mwajiriwa: Nairobi ya enzi za ukoloni iliwanong'ona wazima moto. Huchukua damu kwa ajili ya wengine, naye mwenyewe hana haja nayo. Zimwi la ngano, kwa upande wake, humeza bila kujuta. Mnyonya damu ndilo jina baya kuliko yote, kwani baada ya Azimio la Arusha la 1967 mnyonyaji na kupe yakawa majina ya adui wa wafanyakazi na wakulima. Mfasiri akilitumia, atakuwa amekwisha mhukumu Vampirella kabla msomaji hajafunua ukurasa wa pili.

Haifai, hata hivyo, kumtetea kupita kiasi. Vazi lake jekundu lilibuniwa na Trina Robbins, ambaye baadaye alilalamika kwamba wachoraji walilipunguza hadi likapoteza staha aliyoikusudia. Gazeti lilitoa matoleo 112 hadi mwaka 1983, na majalada mengi yalimwuza mwanamke huyo kwa macho ya wanaume, hata pale ambapo kurasa za ndani zilimpa akili na huruma. Migongano hiyo miwili haisuluhishwi na fasiri yoyote.

Lililo mikononi mwa mfasiri ni dogo zaidi, nalo ni kutenganisha kiu na uroho. Uroho ni tabia, na mtu hulaumiwa kwayo; kiu humpata kila mwenye mwili. Kwa kuwa damu ndiyo maji ya Drakulon, Kiswahili kinaruhusu bila kulazimishwa kusema kwamba Vampirella ana kiu, na kuliacha jina lake kama lilivyo. Uroho wabakie nao wale anaopigana nao, waabudu wa Machafuko, ambao huimwaga damu wasiyoihitaji.