TOVUTI KAMA MAANDAZI: PIKA MAPEMA, MTEJA ASINGOJE!

Hebu sema kweli, ni mara ngapi umefungua tovuti kwenye simu, kiduara kikazunguka weee, mpaka bando likakata? Ukasonya, ukaenda kwingine. Sasa geuza kibao: tovuti ni yako, na aliyeondoka ni mteja wako. Inauma, au siyo?

Tatizo liko jikoni. Tovuti nyingi zinapika kwa oda. Kila mgeni akibisha hodi, seva inaanza upya kuchimba habari kwenye ghala la data, kuziunga na kuzipakua. Wageni wachache, sawa. Wakija maelfu kwa mpigo, jiko linazidiwa.

Dada wa maandazi hana shida hiyo. Anakaanga alfajiri, anapanga kwenye beseni. Ukifika unapewa chako, huyooo!

Mwaka 2008 Tom Preston-Werner wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, alichoka na mitambo mizito ya kuchapisha makala. Akaandika programu yake kwa lugha ya Ruby, akaiita Jekyll. Ni programu huria: haiuzwi, na ndani yake kote ni wazi, ruksa kusoma na kubadili.

INAVYOPIKA
Unaandika habari kwenye faili la maandishi matupu. Pembeni una kiolezo, yaani sura ya ukurasa yenye nafasi zilizoachwa. Unatoa amri moja, Jekyll inajaza nafasi na kukupa kurasa zilizoiva za kupandisha hewani.

Chukua fundi nguo mwenye mishono 60. Anatunza orodha moja ya majina, picha na bei. Kanuni fupi ya Ruby, aliyoiandika mwenyewe, inageuza orodha hiyo kuwa kurasa 60. Bei ya kitenge ikipanda? Anasahihisha mstari mmoja, anapika tena. Hata mwizi akivizia, kwenye kurasa hizo hakuna ghala la data la kuvunja.

OBAMA NAYE ALIPITA HUMO
Usidhani ni mchezo wa watoto. Kampeni ya Barack Obama ya mwaka 2012 ilitumia Jekyll kutengeneza kurasa za kuomba michango. Kyle Rush, mmoja wa mafundi wake, alieleza kwamba kurasa mpya zilifunguka kwa kasi zaidi ya zile za awali kwa asilimia 60, na waliokubali kuchangia wakaongezeka kwa asilimia 14. Jukwaa hilo lilikusanya dola milioni 250! Kumbe kungoja kunafukuza hela kweli.

LAKINI USIJIDANGANYE
Andazi halijibu maswali. Kupokea malipo au kuingiza watu kwa nenosiri kunahitaji mtambo mwingine nyuma. Hata kwa Obama, hela zilipokelewa na mfumo wa pembeni. Na siku za kwanza, amri za kuandika kwa mkono zitakutoa jasho.

Faida kubwa ni hii: kazi inabaki yako. Ukikorofishana na aliyekuwekea tovuti hewani, hubaki unalia. Mafaili yako ni maandishi, yanaingia kwenye flashi, unahamia kwingine na kupika upya.

Kwa hiyo mshikaji, kabla hujamlipa mtu akutengenezee tovuti, muulize swali moja tu: mafaili nitabaki nayo mimi? Akianza kujikuna kichwa, aga taratibu. Kazi kwako!