Kuzamisha Nyambizi ni Rahisi, Ngori Iko Hapo Juu! Cheki Vile Inaendeshwa

Wengi wetu nyambizi tunazijua kwa muvi. King'ora kinalia, kepteni anapiga kelele, chombo kinaenda chini. Unadhani hapo ndio kazi ngumu iko, si ndio? Wapi! Kazi yenyewe iko mita chache tu chini ya mawimbi.

Tuanze mwanzo. Nyambizi ina matangi makubwa. Yakijazwa maji ya bahari, inazama. Yakijazwa hewa, maji yanatoka na inapanda. Kuna matangi mengine madogo ya kusawazisha, juu uzito hubadilika kila siku: mafuta yanachomwa, msosi unaliwa. Wanataka chombo kisizame na kisielee, kitulie tu. Halafu iko na mabawa ya kuinua ama kuinamisha pua, karibu kama ndege.

Kule chini kumetulia. Lakini kepteni akitaka kuchungulia na periskopu, lazima apande hadi kama mita 18 hivi. Hapo mawimbi yanaanza madharau. Maji karibu na mgongo wa nyambizi yanasukasuka kuliko yale ya chini ya tumbo, na maji yakienda mbio presha yake hushuka. So chombo kinavutwa juu polepole.

Ungesema si watumie mabawa kukirudisha chini? Shida ni kwamba ukichungulia lazima uende mdogo mdogo, na ukienda mdogo mdogo mabawa hayana nguvu. Kwa hivyo wanaongeza maji kwa matangi ili chombo kiwe kizito kiasi. Wakiongeza kidogo sana, mgongo unatokea nje na adui anakuona. Wakizidisha, periskopu inameza maji na huoni kitu. Na wakirudi chini, ule uzito wa ziada lazima utolewe haraka, la sivyo chombo kinazidi kuzama.

Na si mchezo, watu hufa. Tarehe 9 Februari 2001, karibu na Hawaii, nyambizi ya Marekani USS Greeneville ilipanda, wakachungulia, wakaona kuko sawa. Ikashuka, kisha ikapanda kwa kasi kuonyesha wageni waliokuwa ndani vile hiyo mashine hufanya. Ikatokea chini ya Ehime Maru, meli ya shule ya uvuvi kutoka Japani. Watu 9 walikufa, 4 kati yao wanafunzi wa sekondari. Uchunguzi ulipata kuwa ile kuchungulia ilifanywa haraka haraka.

Umeona sasa? Ile kutulia hapo juu bila kuyumba ndio inakupa nafasi ya kuangalia vizuri. Siku nyingine ukicheki muvi ya nyambizi, usishtuke ikienda chini. Shtuka ikianza kupanda.