Ziwa Nalo Lina Majira Yake: Habari kwa Walao Samaki wa Gikomba

Mkulima hana haja ya kufundishwa kwamba mahindi hayapandwi kila mwezi. Hutazama mawingu, huupima upepo, huyajua masika na vuli. Na yule asiyejali hayo huvuna magugu. Lakini sisi tukaao katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, Kaloleni na Makongeni, Bahati na Maringo, Jericho na Shauri Moyo, tuendapo Gikomba kununua samaki twadhani ziwa ni kama bomba la maji, ukilifungua hutoka. Omena wakipanda bei twamlaumu mama muuzaji na kusema ana tamaa. Kumbe mara nyingi mama huyo hana hatia. Ziwa nalo lina majira yake. Ayajuaye majira hayo atanunua kwa akili, na tena atafahamu kwa nini mtu aliye mbali na ziwa ana sehemu yake katika kulihifadhi.

KIFUNIKO CHA BARAFU

Tuanze mbali kidogo, maana mara nyingine mfano wa mbali hulionyesha wazi jambo la karibu. Kaskazini ya Marekani, katika jimbo la Minnesota, yako maziwa maelfu, na kila mwaka maziwa hayo huganda juu hata mtu aweza kutembea juu yake kwa miguu. Wenyeji hawaachi kuvua kwa sababu hiyo. Hutoboa tundu katika barafu kwa keekee kubwa, hukaa juu ya kiti kidogo, wakateremsha mshipi na ndoana katika maji meusi yaliyo chini. Wenye busara hawakanyagi barafu mpaka wameipima na kuona kwamba ni safi, na unene wake si chini ya inchi 4. Asiyepima huweza kuzama asionekane tena.

Wawatafutao zaidi ni samaki wawili. Wa kwanza huitwa walleye, samaki mla samaki, mwenye macho yang'aayo usiku kama ya paka, sawa na mbuta wetu. Wa pili huitwa crappie, samaki mdogo mpana, ambaye ni wa jamaa moja na yule bass aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920.

Wavuvi wa huko wasema kwamba nyakati njema ni mbili: wiki za mwisho kabla maji hayajaganda, na wiki za kwanza baada ya kuganda. Sababu yake ni tabia ya ajabu ya maji. Maji yakipoa huzidi kuwa mazito mpaka yafikie digrii 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huanza kuwa mepesi tena. Basi mwezi wa Oktoba na Novemba maji ya juu hupoa, yakawa mazito, yakazama, na ya chini yakapanda. Ziwa lote hukorogeka kama uji katika sufuria, na hewa ya oksijeni hufika mpaka chini kabisa. Wakati huo walleye hukaribia kandokando jioni akiwafuata samaki wadogo, na crappie hukusanyika makundi makundi katika vilindi.

Kisha barafu hutanda juu kama kifuniko. Siku za kwanza hewa iliyomo majini yatosha, na samaki ni wachangamfu. Lakini kifuniko kikikaa miezi mingi, hewa hupungua, samaki hulegea, na katika maziwa yasiyo na kina huweza kufa wote kabla jua halijarudi.

KIFUNIKO CHA JOTO

Msomaji atauliza, hayo yatuhusu nini sisi ambao barafu yetu ni ile ya kwenye sanduku la muuza samaki? Yatuhusu sana, kwa kuwa Ziwa Victoria nalo lina kifuniko chake. Tofauti ni kwamba cha Minnesota ni cha baridi, na chetu ni cha joto.

Ziwa hilo ni kubwa mno, kilomita za mraba karibu 68,800, na Kenya ina sehemu 6 tu katika kila 100. Ijapokuwa ni pana hivyo, kina chake si kirefu. Mahali palipo na kina kupita pote hapazidi sana mita 80. Tangu karibu mwezi wa Septemba au Oktoba mpaka Mei, jua hupasha moto maji ya juu, nayo yakiwa mepesi hukaa juu ya yale ya chini. Tofauti ya joto yaweza kuwa digrii moja au mbili tu, lakini yatosha kuyatenga. Maji ya chini hukosa hewa, na samaki hawawezi kukaa humo. Mbuta hulazimika kubaki katika maji ya juu, kama watu wa nyumba ya orofa ambayo chini yake pamejaa moshi.

Mwezi wa Juni hadi Agosti mambo hubadilika. Ni miezi ile ile tunapovaa makoti Nairobi, mbingu zimefungwa na ukungu, na watoto hawataki kuoga asubuhi. Upepo wa kusini mashariki huvuma juu ya ziwa, hulipoza, hulitikisa, na maji ya juu na ya chini huchanganyika. Hewa hufika tena vilindini. Habari hizi zilichunguzwa kwa bidii na wataalamu, wengine wao wakiwa katika kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa Jinja mwaka 1947.

Maji yakisha kuchanganyika, mbuta hutawanyika na kushuka chini. Mvuvi aliyemzoea mahali fulani humkosa, hana budi kwenda mbali zaidi na kuteketeza petroli zaidi. Gharama hiyo hupanda gari pamoja na samaki na kushuka nayo Gikomba.

Upepo huweza kuleta msiba pia. Ukiyasukuma maji ya juu kwa nguvu upande mmoja, yale maji ya chini yasiyo na hewa hupanda upande wa pili. Samaki walio huru huweza kukimbia. Walio katika vizimba hawana pa kwenda. Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wengi wa samaki wa vizimba katika Ghuba ya Winam waliamka wakakuta samaki wao wameelea wamekufa, na jasho la miezi mingi likapotea kwa muda mfupi sana.

MWEZI NA TAA

Omena wana kalenda nyingine, nayo ni ya mwezi wa mbinguni. Huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za umeme wa jua na za betri. Samaki hao wadogo huufuata mwanga, nao wavuvi huwazungushia wavu. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga umejaa ziwani kote, na taa ya mvuvi haina maana tena. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mashua nyingi hupumzika, na wavu hushonwa. Mnunuzi mwenye busara atazame juu kabla ya kutazama mfuko wake: usiku wa giza ukipita, omena huwa wengi, usiku wa mwezi mpevu ukipita, huadimika.

Mvua nayo ina neno lake. Omena hawana budi kukaushwa upesi kwa jua, na masika yakianza huchelewa kukauka, wakaoza au wakaota ukungu. Wale walioanikwa juu ya nyavu au vichanja huwa safi. Walioanikwa chini huja na mchanga, kama kila mke wa nyumbani ajuavyo.

MIEZI YA KUFUNGWA

Sasa tufikie jambo lililo zito. Serikali ya Kenya imekataza kuvua omena tangu Aprili hadi Julai kila mwaka, ili kizazi kipate nafasi ya kukua. Katika miezi hiyo bei hupanda, na walanguzi huleta omena waliovuliwa kwa siri. Watu husema, "Samaki mdogo kama huyu, atakwisha vipi?"

Yafaa tukumbuke habari ya ngege. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na soko la Nairobi likafunguka. Mwaka 1905 nyavu za kigeni zililetwa katika ghuba, nazo zilivua kwa wingi usiowahi kuonekana. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa akaona kwamba ngege wamepungua. Akashauri matundu ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi 5. Sheria ikawekwa, lakini haikushikwa kwa nguvu, na baadaye ikaachwa. Nyavu zikazidi kuwa za matundu madogo. Kisha mbuta na samaki wengine wageni wakatiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Leo ngege yule wa asili karibu ametoweka katika ziwa kubwa. Amebaki katika maziwa madogo ya kando, kama Kanyaboli huko Siaya. Wengi katika wale tuwaitao ngege mezani petu ni wa aina nyingine, walioletwa kutoka mahali pengine.

Ngege hawakumalizwa na mvuvi peke yake. Aliyetoa fedha ni mlaji. Wavu wa matundu madogo hauna faida kama hakuna anunuaye samaki mdogo.

YATUPASAYO SISI

Basi, mtu wa Makongeni au Jericho afanye nini? Kwanza, anunue omena wa kutosha mwezi wa Februari na Machi, waliokauka vizuri, awaanike tena juani siku moja, awatie katika debe lenye kifuniko. Hivyo Aprili ikifika hatakuwa mtumwa wa bei, wala hatamlisha mvunja sheria.

Pili, asinunue mbuta mchanga. Sheria hairuhusu mbuta aliye chini ya sentimita 50. Hakuna haja ya kwenda sokoni na rula: tangu kiwiko cha mkono wako mpaka ncha ya kidole cha kati ni dhiraa moja, nayo haifiki kipimo hicho kwa watu wengi. Mbuta asiyefika dhiraa yako ni mtoto, hajapata kuzaa. Afadhali mgongo wazi uliokaangwa vizuri, ambao ni wa samaki aliyekua, kuliko kitoto kizima.

Tatu, amtazame samaki machoni. Macho yakiwa maangavu, mashavu mekundu kwa ndani, na nyama ikirudi ukiibonyeza kwa kidole, huyo ni mpya. Macho yakiwa yamezama na kuwa na utando, mwache hata akiwa rahisi.

Wenzetu wa Minnesota hawakanyagi barafu kabla ya kuipima. Wakati wa kungoja wakifanya haraka, huzama wao wenyewe. Sisi tusipongoja, hatuzami siku ile ile. Watakaozama ni watoto wetu, watakaosimulia habari za omena kama sisi tusimuliavyo habari za ngege. Mkulima hali mbegu yake hata akiwa na njaa. Nasi tulao kutoka ziwani tuliache ziwa lipande mbegu yake kwa miezi minne, halafu mwezi wa Agosti twende Gikomba na vikapu vyetu bila haya.